Vibonye vya Mkono wa Kushoto

Ilikuwa mwaka tuliokula sombe bila chumvi. Vita ilifunga njia zote, treni haikufika tena Kindu, na chumvi ikawa kitu cha kufichwa chini ya kitanda. Mawese tulikuwa nayo, mchele kidogo tulikuwa nao, majani ya muhogo ya kupikia sombe hayakutukimbia. Lakini bila chumvi unakula tu ili tumbo linyamaze. Mwenye kuniuliza mwaka gani nilianza kazi, jibu ni hilo. Vijana wasioelewa wawaulize mama zao.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaofanya kazi sasa katika nyumba yetu ya kuandikia watu karatasi, pale karibu na soko. Nimeacha kazi juzijuzi. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini kompyuta ya dirishani, ile ya Zaina, njia zake za mkato zimekaa hovyo, kila kitu kimerundikwa upande wa kushoto. Mmoja wenu alifikia kusema, "Mama Feza, utuachie tuisafishe." Kabla ya kusafisha, someni. Mimi darasa la tatu sikulimaliza, basi nitaandika kama ninavyosema, na asiyependa akafungue gazeti.

Mwaka huo wa sombe nilikuwa nakaanga ndizi kwa mawese mlangoni pa nyumba hiyo hiyo. Mwenyewe alikuwa Mzee Ramazani, na ndani alikuwa na mashini moja ya kuandika, ya chuma, nzito kama mbuzi aliyekataa kutembea. Mwandishi wake alikuwa Zaina, binti mdogo kuliko mimi kwa miaka mingi, aliyemaliza shule na kuvaa kitambaa chake vizuri. Siku moja watu walipigana mjini, risasi ikapita mlangoni kwao, ikamvunja mkono wa kuume. Dawa haikuwapo. Mkono ulipona kwa njia yake wenyewe, vidole vikajikunja kama mguu wa jogoo, vikabaki hivyo.

Alipoweza kusimama alirudi kwenye mashini. Alipiga kwa mkono wa kushoto peke yake, akiruka kutoka huku kwenda kule, na watu kwenye mstari wakaanza kuguna. Wengine walitaka karatasi ya kuvukia mto, wengine barua ya kumtafuta mtoto aliyepotelea upande mwingine. Hakuna aliyekuja kwa starehe. Nilimsikia akimwambia Mzee, "Mzee, akili yangu iko. Unipatie tu muntu wa vidole."

Kisha akatazama mlangoni, akaniona mimi na sufuria yangu.

"Weye, mama wa ndizi. Unajua kusoma?"

"Najua herufi," nikasema. "Zikishikana sana, nakosa njia."

"Ni herufi tu nataka. Unawe mikono."

Mzee Ramazani alinipa majivu ninawe mara mbili, maana mawese hayaachi mtu haraka. Zaina alitoa chupa ya rangi ya kucha iliyobaki kwenye arusi ya dada yake, akapaka vibonye vyote vya upande wa kuume. Akaniambia, "Nyekundu ni zako. Nyeupe ni zangu. Ukigusa nyeupe nitakupiga kiwiko." Tukakaa kwenye benchi moja mbele ya mashini moja, yeye kushoto, mimi kuume, bega kwa bega. Alisoma neno polepole, kila mmoja akapiga herufi zake. Nilipochelewa alinigonga na kiwiko. Nilipokimbia alisema, "Taratibu. Mashini si kuku ya kukimbiza."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi: nusu. Klavie yetu, ubao wa vibonye, ni ya Kifaransa, inaanza na A na Z. Neno Kindu karibu lote ni langu, Zaina ana D peke yake. Maniema tunapokezana kama watu wanaopanga matofali. Lakini jina langu mwenyewe, Feza, lote liko upande wake. Niliandikia watu majina yao miezi na miezi, la kwangu sikuligusa.

Zaina aliposhikwa na malaria, Mzee aliniambia niandike peke yangu barua fupi. Nikakaa, nikapiga kwa mwendo wetu uleule, nikiacha mwanya kwa herufi za Zaina kama vile yuko pembeni yangu. Karatasi ilitoka na matundu kama nguo iliyoliwa na panya. Mzee aliigeuza, akaigeuza tena. "Mama Feza," akasema, "hii barua iko na njaa." Tulicheka mpaka mteja naye akacheka, na yeye ndiye aliyekuwa na shida. Alipopona, Zaina alinifundisha nyeupe pia. Lakini kwenye benchi tulirudi vilevile, kila mmoja na nusu yake, kwa sababu kwa namna hiyo tulikwenda mbio kuliko mtu yeyote mmoja mjini.

Utepe wa wino ulipokauka tuliupaka masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta kidogo. Ulifanya kazi. Barua zetu zilinukia chakula, na wakati ule hilo halikuwa kosa. Siku moja askari aliingia kutaka karatasi yake, akasimama kututazama.

"Mashini moja, wanawake wawili? Kwa nini?"

Zaina hakuinua kichwa. "Moja iko na akili, ingine iko na vidole."

"Nani iko na akili?"

"Tunabadilishana, afande. Leo bado hatujapanga."

Alicheka, akangoja zamu yake kama watu wengine. Mimi niliogopa, nikapiga herufi moja mara mbili. Namshukuru Zaina kwa mambo mengi, na moja ni kwamba alinionyesha mtu anaweza kuogopa na kuendelea kupiga herufi.

Vita ilipoisha, chumvi ikarudi, na baada ya miaka Jafari naye akarudi. Huyu ni mtoto wa Mzee Ramazani, alikuwa Kisangani kusoma mambo ya kompyuta. Alileta mashini kadhaa zilizokwisha kutumika kwa watu wengine, nzee, zenye pumzi fupi. Baba yake alitaka kutuweka kila mmoja na yake. Zaina akakataa, mimi nikakataa, tukasogeza benchi letu mbele ya kompyuta ya dirishani, na rangi ya kucha ikapakwa upya.

Shida ya kwanza ilikuwa suri, kile kipanya cha kusukuma mezani. Kilikaa kuume, kwangu. Kila mara ilipohitajika kufungua dirisha kwenye kioo cha kompyuta au kuhama, niliacha herufi zangu, nikasukuma suri, nikarudi, na Zaina amekwisha kunipita mistari miwili. Halafu siafu wakaingia ndani yake, ikafa. Ya pili ikafa kwa unyevu. Jafari akasema, "Wamama, nitawatolea hii maneno kabisa." Akaweka mfumo mwepesi unaopanga madirisha yenyewe kama vigae, usiotaka suri, kila kitu kwa vibonye. Kompyuta nzee ikapata pumzi. Namshukuru kijana huyo, na mnapofika mwisho wa maandishi haya msisahau kwamba nimemshukuru.

Alituonyesha faili ya mipangilio. Si uchawi: kila mstari una vibonye vyake na kazi yake. Unabadilisha mstari, unauambia mfumo usome upya, basi. Kibonye chenye bendera, kile kilicho chini kushoto, tulikipa madirisha peke yake. Hili mlishike. Programu ya kuandika ina vibonye vyake vya kunakili na kubandika. Ukimpa mpanga-madirisha vibonye hivyohivyo, yeye anavimeza kwanza, programu haipati kitu, na wewe unadhani klavie imekufa. Bendera kwa madirisha, vingine waachie wenyewe.

Tulikosea vya kutosha. Mfumo ule una vyumba, unaweka mteja mmoja chumba cha kwanza, mwingine cha pili, na karatasi za kuchapishwa cha tatu. Tulibonyeza bendera na moja, hakuna kitu. Bendera na mbili, kimya. Zaina akasema kompyuta imekataa Waislamu, mimi nikasema imekataa wote, maana hata mimi mkristo haikunijibu. Jafari akaja akacheka. Faili iliandikwa na watu ambao namba zao ziko wazi kwenye klavie. Kwetu namba ziko ghorofani, kuzifikia lazima upandie kibonye cha herufi kubwa. Akaandika alama zinazokaa chini ya namba zetu, na vyumba vikafunguka. Kompyuta mpya ikija, anzeni kuangalia hapo.

Kosa kubwa lilikuwa letu sisi wawili, na sidhani kuna mahali pengine lingetokea. Mzee mmoja alitoka Tunda kwa baisikeli na kanuni za chama chao cha wakulima, kurasa nne za mwandiko wa kalamu. Tulikuwa mwishoni kabisa, hatujahifadhi. Zaina alitaka herufi kubwa, kidole chake kidogo kikateleza, akashika bendera, herufi kubwa na Q kwa pamoja, na wakati ule hiyo ilikuwa njia ya kufunga dirisha. Kompyuta ikauliza kwa heshima kama tuhifadhi. Mimi sikuona swali, nilikuwa bado naandika, nikapiga N. Na N kwa kompyuta ile ilikuwa jibu: usihifadhi. Mkono wake umeuliza, mkono wangu umejibu, kurasa nne zikaenda.

Mzee wa Tunda alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Nani kati yenu ameua karatasi yangu?"

"Tumesaidiana, baba," nikasema.

Akakaa chini, akatoa muhogo wake wa kuchoma, akatumegea. "Basi mule kwanza. Watu wenye njaa wataua tena."

Tuliandika yote upya. Siku ileile Zaina akasema kazi za hatari zisikae upande mmoja. Tukafungua faili. Kufunga dirisha tukakupeleka kwenye bendera na kile kibonye kikubwa cha kufuta, juu kabisa kuume. Bendera ni ya Zaina, kufuta ni yangu. Hakuna kilichofungwa tena bila wawili kukubaliana. Kuzima kompyuta vilevile. Alikuwa anasema, "Nafunga?" nami nasema, "Funga," ndipo vidole vinashuka. Kazi za haraka zisizo na hatari, kuhama chumba, kukuza dirisha, kuita programu ya kuandika, tukaziweka mahali ambapo mmoja anatosha. Miaka yote hiyo hatukupoteza karatasi nyingine. Nimeona ndoa zenye mpango mbaya kuliko huo.

Mzee Ramazani alikufa kwa uzee wake, kitandani, akiwa ameshiba. Namshukuru kwa majivu yake na kwa kutonifukuza siku ya barua yenye njaa. Jafari akashika nyumba. Kompyuta zikaanza kufa moja moja, zikabaki chache, na vijana waliosoma wakawa wanakuja kila wiki kutafuta kiti. Mwanzo wa mvua za mwaka jana alituita mimi na Zaina. Hakukaa. Mtu anayeleta habari nzuri hukaa.

"Wamama wangu," akasema, "benchi yenu inakula watu wawili kwa mashini moja. Siwezi tena. Kuanzia sasa kila mashini na muntu mumoja."

"Nani?" Zaina akauliza.

Jafari akatazama dirisha. "Mama Feza. Iko na mikono miwili."

Zaina alikunja pindo la kitambaa chake. Mume wake amekufa, watoto wa dada yake wanakula kwake, na kazi nyingine mjini kwa mwanamke wa mkono mmoja mimi siijui. Yeye ndiye aliyenitoa kwenye ndizi. Kila herufi iliyo kwenye vidole vyangu ameiweka yeye, nyingine kwa kiwiko.

Nikasema, "Hapana, Jafari. Niliingia hapa sababu Zaina alikosa mukono. Haiwezekane mukono ubakie kazini, mwenyewe arudi nyumbani."

"Mama Feza, usiniweke kwa shida. Peke yake ataweza?"

"Utupe mpaka mvua zikatike. Miye ndiye nitaondoka. Ataweza."

"Na akishindwa?"

"Tutatoka wote wawili, na benchi yetu tutaibeba."

Alikubali, si kwa furaha. Alitupa hata ruhusa ya kubaki baada ya wateja wa mchana, na mahali faili ilipotuchanganya alikuja akatuonyesha. Mtu anaweza kutaka kukuondoa na bado akakusaidia. Nimeyaona yote mawili kwa mtu mmoja.

Basi nikaanza kuhama. Ilikuwa kama kutoa vyombo vyangu katika nyumba niliyokaa muda mrefu, nikivipanga kwa jirani. Kuhama dirisha hadi dirisha kulikuwa kwangu, kwenye J, K na L. Tukakupeleka kwenye Q, S na D, pale vidole vya Zaina vinapolala. Kuita programu ya kuandika tukakupa A. Kuchapisha karatasi, W. Vyumba vikabaki juu kushoto. Kwa mambo yanayotaka vibonye vitatu pamoja, Jafari aliwasha mpango wa kubonyeza kimoja kimoja: unagusa bendera, unaiachia, unagusa kingine, kompyuta inangoja kama mtu mwenye adabu. Kwa mkono mmoja hiyo ni nusu ya kazi. Maneno ambayo kila karatasi inaanza nayo, mahali, tarehe, salamu za wakubwa zisizokwisha, tuliyafunga kila fungu kwenye kibonye kimoja. Anagusa, mstari mzima unajiandika, naye amepata muda wa kuvusha mkono kwenda kuume kufuata herufi zilizokuwa zangu.

Tulivutana juu ya kufunga dirisha. Mimi nilitaka tukulete kushoto, asihangaike. Zaina akakataa.

"Ikae mbali," akasema. "Sitakuwa na weye wa kuniuliza. Basi mkono uvuke, na mkono ukiwa njiani nitakuwa nimefikiri."

Kwa hiyo ile peke yake imebaki kule juu kuume. Mnaposema mpangilio wake hauna akili, mjue hata kilichobaki mbali kimebakishwa kwa kusudi.

Siku za kwanza alikuwa mzito. Mkono wake ulikwenda kuume ukakuta wangu upo tayari, tukagongana. Mimi nilikuwa nashindwa kukaa bila kusaidia. Ikifika M, kidole changu kinaruka chenyewe. Zaina akaniita kama dada yake mkubwa: "Yaya, ukalie mikono yako." Nikaikalia. Kweli, mikono chini ya matako, kama mtoto aliyekatazwa. Nilikaa hivyo mvua ile yote, nikimsomea maneno tu, na vidole vyangu vikicheza chini yangu.

Mvua zilipokatika Jafari alikuja kutazama. Hatukupanga mteja. Aliyeingia alikuwa mwanamke muuza samaki wa Lokandu, akinukia moshi, mwenye haraka, pirogi, mtumbwi wake, inamngoja. Alitaka barua ya kuomba nafasi ya kuuzia sokoni. Alimwona Zaina, akaona mkono, akanigeukia mimi.

"Weye mama mukubwa, uniandikie. Huyu atanichelewesha."

"Mimi mikono yangu ina kazi," nikasema. Ilikuwa na kazi: nilikuwa nimeikalia.

Zaina alimkaribisha, akaanza. Bendera, A, ukurasa ukafunguka. Kibonye kimoja, mahali na tarehe. Kingine, salamu za mkubwa wa soko. Mkono ukavuka, ukarudi, ukavuka, hauna fujo, kama mtu anayepepeta mchele. Alikosea neno moja, akalirudia. Nilihesabu pumzi zangu zikanipotea. Bendera, W, karatasi ikatoka. Muuza samaki aliisoma kwa midomo, akaikunja, akaitia kifuani. Kabla hajavuka mlango aligeuka. "Sikujua iko mbio hivi," akasema, akakimbilia pirogi yake.

Si mbio kama benchi letu la zamani. Sitadanganya. Lakini ilikuwa kazi ya mtu mmoja kwenye mashini moja, kama Jafari alivyotaka.

Jafari alisimama nyuma yetu, mikono kiunoni. Aliijaribu mwenyewe kidogo, bendera na D, bendera na S, madirisha yakahama. Akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Zaina atabakia," akasema. Halafu akakuna shingo. "Lakini, Mama Feza, nafikiri hivi. Kama kwa mukono moja inaenda hivi, weye wa mikono miwili na hii mipango mupya utaenda mara mbili. Ubakie weye. Zaina nitamutafutia kazi kwa mke wangu, nyumbani, hatalala njaa. Mara ya mwisho nakuuliza ni hii."

Zaina hakugeuka. Alikuwa amekwisha kugusa bendera, yuko chumba cha pili, anamfungulia mteja mwingine ukurasa. Niliitoa mikono yangu chini, ilikuwa imekufa ganzi, nikaisugua moja kwa nyingine mpaka damu ikarudi. Nikasimama, nikachukua kitambaa changu kwenye benchi.

"Hapana, Jafari. Niliingia hapa sababu Zaina alikosa mukono. Haiwezekane mukono ubakie kazini, mwenyewe arudi nyumbani."